Maswali ya Wasomaji: Neno la Kwanza Nililiandika kwa Peni

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi viatu, nakaa chini ya mwarobaini maeneo ya Jamatini hapa Dodoma mjini. Kijiweni kwangu huja wazee wanne. Mkubwa wao ni mstaafu wa reli, wote tunamwita Babu. Yeye ndiye hununua gazeti la Jumapili, na akimaliza habari zake huniachia ukurasa wa chemshabongo, lile fumbo la kujaza maneno kwenye visanduku. Katikati ya wiki hupita kuuliza nimefika wapi.*

*Safari hii nimejaza mraba wote isipokuwa pembe ya juu kushoto. Naiandika ilivyo. Mlalo namba 1, "Nafaka ivumiliayo ukame", herufi tano. Hilo ndilo neno la kwanza nililojaza, MTAMA, tena kwa peni. Wima namba 1 inaanzia kisanduku hichohicho: "Wa Dodoma una sifa, watoto huumung'unya", tano. M ilikuwepo, nikaweka MBUYU. Mlalo namba 8, "Husongwa", nimeweka UGALI. Mlalo namba 11, "Mwenzake ni mchana", nimeweka USIKU. Yote mawili yameshika vizuri kwenye zile U za MBUYU.*

*Zimebaki wima mbili. Wima namba 2, "Shamba hupimwa kwazo", tano. Nina A _ A _ I. Nimejaribu ASALI, nimejaribu AJALI, zinaingia lakini hazielekei. Nilifikiria heka, ni fupi. Hekta haianzi na A. Wima namba 3, "Bahari isiyo na chumvi", tano. Nina A mwanzo, I katikati, U mwisho, na herufi ya nne ni M iliyotoka kwenye MVINYO, mlalo namba 10, "Hutokana na zabibu". Neno ninaloliona ni ADIMU tu, na adimu na bahari ni wapi na wapi?*

*Naomba usinipe jibu papo hapo, nionyeshe kwanza nilipokosea. Halafu tuamulie ubishi. Mzee mmoja anasema ukiuliza mtu au ukiingia kwenye simu umeiba, hujafumbua. Babu anasema hata yeye huuliza, na kwamba mchezo wenyewe ni wa Wazungu, wetu sisi ni vitendawili. Nani yuko sawa?*

*Fundi, Jamatini*

Marahaba, mwanangu. Kwanza asante kwa kuniandikia vidokezo neno kwa neno. Wengi huniandikia "nimekwama pale chini", nami sina gazeti lao, nabaki kuhangaika gizani. Barua yako niliichora nyuma ya bahasha ya luku, vijisanduku vitano kwa vitano, nikakaa nayo barazani hapa Kikuyu, Dodoma, mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo ninayokuambia nimeyapitia kwa mkono.

Twende kwenye A _ A _ I yako. Umepata ASALI na AJALI. Mimi nikaongeza AWALI, AMALI na AMANI. Maneno matano, yote ya Kiswahili safi, yote yanaingia bila kusukumana. Ukiona hivyo usifurahi, ogopa. Neno kuingia kwenye visanduku si ushahidi kwamba ndilo lenyewe, na katika lugha yetu si ushahidi kabisa. Silabi za Kiswahili nyingi huishia na irabu, na maneno yetu yote, ukiondoa machache ya kuazima, hufunga kwa irabu. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, ndiyo mwendo wetu. Matokeo yake, kwenye mraba wa Kiswahili irabu hukaa mahali palepale katika maneno mengi tofauti, na neno la uongo linaweza kupanga nyumba kwa miaka bila jirani kulalamika. Ndiyo maana MTAMA wako amekaa pale kwa amani.

Nimeshasema, eh? Basi ndiyo. Neno lililokufunga ni lile uliloliamini kuliko yote.

Lakini uliomba nikuonyeshe, si nikuambie, kwa hiyo tulifikie polepole. Pembe ikikataa, chukua penseli, pitia kila neno ulilojaza ujiulize: hili linasimama kwa miguu yake, au linamwegemea mwenzake? UGALI unasimama. Kitu kinachosongwa, herufi tano, mtu wa Dodoma hana haja ya kuongezewa. USIKU unasimama. MVINYO unasimama, na zabibu za Makutupora ni mashahidi. Sasa mtazame MBUYU. Umemweka kwa sababu gani? Umesema mwenyewe: "M ilikuwepo." Na M ilitoka wapi? Kwa MTAMA. Na MTAMA unamtetea kwa nini? Kwa sababu MBUYU umekubali M yake. Hao ni mashahidi wawili waliokaa pamoja nje ya baraza wakapanga maneno kabla ya kuingia. Kila mmoja anasema mwenzake ni mkweli, na hakuna wa tatu.

Hapo sasa soma tena kidokezo chenyewe, na ukisome kama mtu wa lugha. "Wa Dodoma una sifa, watoto huumung'unya." Mtunzi wa fumbo hili anaijua kazi yake, natamani ningemfahamu. Ile *u* ya "una" na ya "huumung'unya" ni upatanisho. Mbuyu ni wa ngeli ya M-MI, ukiwa mmoja unachukua *u*: mbuyu una matawi. Kwa hiyo sarufi imekubali mbuyu, nawe ukaridhika. Lakini kuna ngeli nyingine inayochukua *u* hiyohiyo, na mtunzi ameyategea macho yako hapo. Kisha jiulize swali la mtoto wa darasa la pili: watoto wanamung'unya mti?

Kidokezo cha wima namba 2 nacho kina zawadi yake. "Shamba hupimwa kwazo." Kwa-zo. Jibu ni kitu chenye wingi wa *zi*, kitu kinachohesabika. Asali hatuihesabu, tunaijaza dumuni. Asali inaondoka, na amani inaondoka nayo. Ajali zinahesabika, hiyo *zo* inazikubali, lakini nani amepima shamba kwa ajali? Kwa hiyo mbali na maana, kiungo kidogo kile mwishoni kilikuwa kimeshakufungia milango mibaya. Soma viungo vya kidokezo kabla ya maneno yake makubwa. Kidokezo kikiwa katika wingi, jibu liko katika wingi.  Nilipokuwa nafundisha Kongwa, wanafunzi waliochoka na ngeli ubaoni walizijua zote kwa mraba mmoja wa gazeti kila Ijumaa, kwa sababu hapo ngeli ilikuwa inawapa kitu.

Sasa mlango. Kati ya vidokezo vyote vya pembe hiyo, kipi kina jibu moja tu, ambalo hata ukiamshwa usiku utalisema? Si nafaka. Nafaka zivumiliazo ukame na zenye herufi tano katika nchi hii ni tatu kwa hesabu ya haraka: mtama, uwele, ulezi. Swali lenye majibu matatu si la kuanzia, na kamwe si la kujazia kwa peni, hata likiwa namba 1. Namba 1 ni namba tu. Haikuambii ndipo pa kuingilia.

Mlango ni "Bahari isiyo na chumvi". Iache ADIMU. Iache pia ile A ya mwanzo, ijifanye haipo. Una kisanduku kitupu, kitupu, I, M, U. Kuna msemo ambao kila mtoto aliyepita shule ya msingi ameuona umeandikwa ukutani, kwa rangi ya bluu mara nyingi, unaosema kitu fulani ni bahari.

Asiyetaka majibu aishie hapa, achukue karatasi. Wengine tuendelee.

Elimu ni bahari. ELIMU. Ile E inapanda juu na kukaa kwenye herufi ya tano ya mlalo namba 1. Tuulize tena: nafaka ivumiliayo ukame, herufi tano, inaishia na E. Mtama umeanguka. Ulezi, ambao ungekudanganya vizuri zaidi kwa U yake ya mwanzo na E yake ya katikati, nao umeanguka kwa I. Amebaki UWELE. Uwele unaleta U kwenye kisanduku cha kwanza, na MBUYU unageuka kuwa UBUYU. Herufi moja tu imebadilika, na mti umekuwa tunda. Watoto wanamung'unya ubuyu, wa rangi nyekundu wanaouziwa kwenye vifuko. Na E ya katikati ya uwele inashuka wima namba 2, ndipo A _ A _ I yako inakuwa E _ A _ I, na ghafla yale maneno matano yote hayana pa kukaa. EKARI.

Uliifikia ekari, mwanangu, ila kwa jina la nyumbani. Ulisema heka. Sisi wote huku tunasema heka, tunapima hatua sabini kwa sabini tunaweka alama ya jiwe, na hakuna anayekosea shamba la mwenziwe kwa sababu ya jina. Gazetini mtunzi ameandika kwa jina la kamusini. Weka hilo akilini: likikujia neno sahihi kwa maana lakini fupi kwa herufi, usilitupe. Litafutie jina lake la ofisini. Na kwa kuwa uligusa hekta, hiyo ni kipimo kingine kabisa. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Watu wameuziana viwanja kwa kuchanganya hizo mbili, na hapo hakuna cha kufuta.

Niruhusu nikae kidogo kwenye uwele, maana umenigusa. Nimezaliwa Kongwa. Udogoni kazi yetu ilikuwa kukaa juu ya kichuguu na kombeo, kufukuza kweleakwelea shambani tangu jua linachomoza. Ndege hao hawana simile, wakitua kundi moja masuke yanabaki vijiti. Suke la uwele limesimama wima, limejikusanya kama mshumaa, punje zake ni ndogo kuliko za mtama na zina kijivu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na zinaweza kukatika katikati bila kuaga. Mtama huvumilia, uwele huvumilia zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga palepale Kongwa, na matrekta, na reli, na mipango ya maelfu ya ekari. Ardhi ikawa ngumu kama saruji, mvua ikawaacha, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wazazi wetu waliendelea na uwele wao. Basi ninaposoma "nafaka ivumiliayo ukame" neno linalonijia kwanza ni uwele, wewe wa mjini likakujia mtama, na mtu wa nyanda za juu pengine angesema ulezi. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yetu. Kila mmoja anafumbua kwa jiko la kwao.

Na hapo ndipo naingia kwenye ubishi wa kijiweni.

Nasimama na Babu kuhusu kuuliza. Nitakwambia nilikojifunzia. Miaka ya 1980, nimeolewa karibuni, nilikwama siku tatu kwenye neno la herufi nne: "Hupepetea". Niliandika UNGO. Kuna nyumba isiyo na ungo? Lakini wima iliyopita kwenye herufi ya tatu ilitaka E, nami nina G. Nilihangaika na ile wima, nikaibadilisha mara tatu, nikaichukia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mzaliwa wa Pangani, alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Sikumwuliza "neno la herufi nne". Nilimwuliza, "Mama, kupepeta mnapepetea nini kwenu?" Akanijibu bila kuinua macho: "Ungo. Na ule mdogo, uteo." U, T, E, O. Neno linaloanza kama langu na kuisha kama langu, na katikati lote tofauti. Siku ile nilipata jibu na nikapata na neno, na nimelitumia mpaka leo. Nani ataniambia niliiba?

Kwa hiyo kuuliza ni halali, ila kuna namna. Usimwulize mtu fumbo, mwulize kitu anachokijua. Ukimwambia mama wa sokoni Majengo "nipe nafaka ya herufi tano yenye E mwisho" utamchosha, hajakaa pale kuhesabu herufi. Mwulize, "Mama, mwaka wa jua kali mnapanda nini?" Atakutajia uwele kabla ya pumzi ya pili, na pengine atakueleza na mengine ambayo gazeti halina. Babu naye amefanya kazi reli. Ukikutana na neno la stesheni au la injini, ni haki yake kulijibu, na ni heshima kwake kuulizwa.

Simu ni jambo jingine, na hapa nitamkubalia kidogo yule mzee mwingine. Ukiipa simu kidokezo kizima ikupe jibu, umekosa raha yote na hukujifunza kitu. Lakini ukishafika kwenye jibu kwa kichwa chako na unataka kuhakikisha jambo, kwa mfano mwaka ulioamuliwa makao makuu kuhamia Dodoma, ambao ni 1973, angalia tu. Utaratibu wangu mimi: kwanza kichwa, pili mtu, tatu kamusi, mwisho simu. Kamusi ukiweza kupata moja tu, *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza 1981, inatosha kwa mafumbo mengi ya magazeti. Ukiwa na uwezo ongeza *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ya 2015. Ila kamusi inataka uwe na herufi ya kwanza iliyo sahihi. Ungeshinda kwenye A wiki nzima na ekari inakungoja kwenye E.

Kuhusu mchezo kuwa wa Wazungu, Babu amesema nusu. Mraba wa maneno wa kwanza wa aina hii ulitoka gazetini tarehe 21 Desemba 1913, katika *New York World* la Marekani. Aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, na haukuwa hata mraba, ulikuwa umbo la almasi. Visanduku, basi, ni vyao. Lakini "Bahari isiyo na chumvi" ni nini kama si kitendawili? Ni mwana wa "Nyumba yangu haina mlango", ambayo kila mtoto anajibu yai. Mtunzi wa lile fumbo lako hakutafuta maana ya elimu kwenye kamusi akainakili. Alichukua methali, akaificha mkia, akakutegea. Ametega, wewe umetegua. Mwambie Babu kwamba visanduku vimeazimwa na kinachowekwa ndani ni chetu.

Kuhusu peni: usifutefute kwa wembe, karatasi ya gazeti ni nyepesi itatoboka. Chora upya ile pembe pembeni mwa ukurasa, visanduku vitano kwa vitano, ujaze kwa penseli. Babu akipita kuuliza, umwonyeshe zote mbili, ile ya MTAMA na ile ya UWELE. Naamini atapenda kuona ulivyopita kuliko kuona ulipofika. Na wiki ijayo anza na kidokezo chenye jibu moja, popote kilipo kwenye mraba.

*Mwalimu, mimi ni mama wa Manyoni. Mwanangu yuko darasa la sita na mwalimu wao amewaambia kila mmoja atunge chemshabongo ndogo. Amekwama kwenye neno NG'OMBE. Je, ile ng' ni kisanduku kimoja au viwili, na kile kikoma cha juu kinakwenda wapi? Na CH je?*

*Mama, Manyoni*

Hongera kwa mwalimu wa mtoto, kazi hiyo ni nzuri kuliko zoezi la kunakili. Herufi moja, kisanduku kimoja. Hivyo CH ni viwili, SH viwili, NY viwili, na NG' ni viwili, N na G. Kile kikoma cha juu mimi hukiweka ndani ya kisanduku cha G, kwenye kona, kidogo. Tatizo linakuja kwenye neno linalokatiza pale. Ikiwa G hiyo inatumika wima katika neno kama GARI, kikoma kitamchanganya anayejaza, atashindwa kujua kama ni gari au ni kitu kingine. Kwa hiyo mwambie ng'ombe wake akatizwe kwenye O au kwenye E, na pale kwenye G pasipite neno lolote.

Ushauri mwingine mmoja kwa mtungaji mdogo: aziogope C zinazosimama peke yake. Katika Kiswahili sanifu C haitembei bila H, kwa hiyo kila anapoweka C kwenye mlalo na kutaka wima ipite hapohapo, ile wima nayo lazima iwe na H baada ya C. Atajifunga mwenyewe. Aanze na maneno yenye irabu nyingi, kama USIKU, UGALI na EKARI, halafu ng'ombe amwingize mwisho. Na vidokezo avitunge yeye mwenyewe, kwa vitu vya Manyoni anavyoviona, kabla hajaenda kwenye kamusi. Akimaliza amletee bibi au babu ajaribu kuujaza, na pale watakapokwama ndipo arekebishe.